Damu Niliyokataa Kutoa

Mpendwa kaka Kamau,

Nimemaliza kidato cha nne. Sare yangu imepewa mtoto wa jirani, na sasa nina siku nzima za kukaa na jambo ambalo sikuwahi kukuambia.

Unakumbuka Jumanne ile tulipoenda kliniki na mama? Tulipanda River Road kwa miguu, tukisimama kila baada ya maduka machache kwa sababu goti lako lilikuwa limejaa damu tena. Ulijifanya unasoma mabango ya wachapaji ili watu wasijue ni hemofilia, ule ugonjwa wa damu isiyoganda, inayokusimamisha.

Daktari alisema dawa ya kugandisha damu haikusaidii tena kwa sababu mwili wako unaipiga vita kama adui. Yeye na wenzake walikuwa wanatafuta alama za kurithi katika kinga ya mwili, wajue kwa nini wengine huikataa dawa na wengine huipokea. Waliomba damu yako na ya ndugu wa tumbo moja.

"Haitamponya huyu," alisema bila kuficha. "Itatusaidia kuelewa."

Mama akanivuta mkono. "Huyu msichana mwacheni. Wakisema naye amebeba ugonjwa, nani atamuoa pale kwetu Mutuini?"

Daktari akaeleza kwamba hawapimi hilo. Kisha akaniuliza mimi mwenyewe. Nikaangalia viatu vyangu.

Wewe ukacheka. "Wacha yeye, daktari. Toa ya watu wawili kwangu. Si mimi ndiye niko nayo ya kumwaga?"

Hata mama alicheka. Nilifurahi kwamba umeniokoa. Ukanitazama mara moja tu, ukaingia chumba kile peke yako. Tulipotoka ulininunulia njugu. Heri ungenigombeza, Kamau. Kufikia Krismasi tulikuwa tumekuzika, na sikuwa nimekuomba msamaha.

Wiki iliyopita nilirudi huko bila kumwambia mama. Muuguzi aliuliza mgonjwa ni nani wangu.

"Alikuwa kaka yangu," nikasema.

Damu yako bado wanayo. Wataiweka kando ya yangu.

Muuguzi alipochomoa sindano aliniambia nibonyeze pamba. Nilipoiinua baada ya muda mfupi, palikuwa pamekauka. Wewe sindano kama hiyo ilikukalisha mchana mzima, mkono juu, ukitutania. Nilibaki kwenye kile kiti nikiona aibu, jinsi ilivyokuwa rahisi.

Pumzika, kaka. Nisamehe ukiweza.

Dada yako aliyekufuata,
Wambui