Tambi zisizoisha

Jumamosi, Riverside

Na tumbo bado linaniuma. Hasira nayo ndiyo kwanza inapanda.

Neema, binti yangu, alinipeleka leo na rafiki zake wawili kwenye resto ya Wajapani kule Amherst, karibu na chuo chake. Eti wanapika tambi za soba za mkoa fulani wa Japani, zinakuja katika bakuli ndogo kama kikombe cha chai. Nikala, nikamaliza. Mhudumu, msichana aliyesimama nyuma yangu, akanimwagia zingine bakulini. Nikala. Akanimwagia tena.

Bon, ningefanya nini? Kwetu Uvira, mgeni akikataa chakula amemtukana aliyepika. Nikaendelea kumeza huku jasho linanitoka, namwomba Mungu sufuria yao ikauke.

Rafiki zake wanacheka. Neema naye ananirekodi kwa simu.

Niliposhindwa kabisa kupumua ndipo Neema akasema, "Mama, ukishiba unafunika tu bakuli. Kifuniko si hicho hapo?"

Kilikuwa mbele yangu tangu mwanzo! Na yeye alijua. Mtoto ambaye kule kambi ya wakimbizi nilikuwa namsukumia sahani yangu, namdanganya kwamba nimeshiba...

"Ni jokes tu, Mama."

Jokes. Haya.

Kesho baada ya ibada wanakuja kula kwangu, wote watatu. Nitasonga bukari, ugali wetu, ya kutosha kwaya nzima, na sombe ya majani ya muhogo juu. Nitasimama nyuma ya Neema na mwiko mkononi.

Na vifuniko vyote nimeshavificha.