Miguu Iliyoelekea Kichakani

Mjukuu wangu Minza,

Huku Songwa hatujambo. Babu yako anavuna choroko huku akilalamikia mgongo. Unauliza kwa nini mipira unayopiga kwa fimbo ya chuma inakwenda kulia. Yangu nayo ilikwenda huko. Asubuhi ya fainali ya wanawake, kwenye uwanja wa gofu wa mgodini, nilipiga mpira wa mazoezi ukaangukia kwenye ng'ombe. Mpinzani wangu, Mama Kabula, akalaza fimbo chini, ikigusa vidole vyangu vya miguu, ili nione miguu yangu inaelekea wapi. Fimbo ilielekea kichakani kabisa, kulia kwa bendera ya shimo! Nikapanga miguu upya, mpira ukanyooka hadi kwenye bendera. Nawe jaribu hivyo.

"Mbona unanisaidia leo?" nikamuuliza.

"Nikimshinda mtu anayepiga ng'ombe, nitajisifu nini?"

Alinishinda, lakini kwa jasho, na tulirudi nyumbani tukicheka njia nzima.

Bibi yako akupendaye