Chambo Nilichochagua Jikoni

Mjukuu wangu Nasri,

Salamu nyingi kutoka Jeddah. Hatujambo, ila usingizi umekuwa adimu, mjomba wako anaota meno. Usicheke! Mimi ni mdogo wake bibi yako, kwa hiyo mwanangu ni mjomba wako, hata kama bado ananyonya. Baba yake yuko kazini Riyadh, atarudi Alhamisi.

Umeniuliza, ukirambaza samoni kwenye ziwa la huko Kanada, mshipi ukiburutwa nyuma ya boti, ufunge chambo gani. Nilipokuwa msichana, baba alikubali kunichukua baharini siku moja tu. Nikikosa samaki, halas, sirudi tena. Kaka zangu walifunga chambo kikubwa chekundu. Mimi nikafunga kidogo cheupe, chembamba kama kidole.

"Leo tumepakia mpishi," kaka mkubwa akacheka. "Hicho mpe paka!"

"Mpishi ndiye anayewapasulia nguru wenu," nikamwambia. "Matumboni mna dagaa tu."

Mshipi wangu ndio ulioanza kuvutwa, na ukavutwa tena. Kaka akaniuliza kama ninacho kingine.

Kile kibati cha kumetameta ulichonitajia, kinachofungwa mbele ya chambo, humwita samaki aje kutazama tu. Akifika, huuma kinachofanana na chakula chake. Basi mpasue samoni yeyote atakayepatikana, hata wa mwenzako, uone amekula nini. Usione aibu kuomba.

Tuliporudi pwani, watu walimuuliza baba nani kavua wote wale. Akanishika bega.

"Binti yangu," akasema. "Na Ijumaa ijayo tunakwenda naye."

Bibi yako,
Zuhura