Shayiri Iliyowahi Kuiva

Ngarenairobi,
14 Julai 2001

Dada yangu Salvina,

Shikamoo. Habari za Kirua, na mguu wako unaendeleaje? Sisi wazima, mke wangu Gladys ananichungulia begani, anasema nipunguze maneno. Dada, mwaka huu bahati imeniganda kama ruba! Shayiri yangu imewahi kuiva kuliko ya jirani yeyote. Yao bado kijani, yangu nyeupe, mpaka wapita njia wanasimama kuitazama. Mtu aliyefika Mombasa hakosi mbinu.

Kinachonichosha ni kipande kimoja tu, kule bondeni. Nilimwita Gurdip, yule Singasinga wa Moshi mwenye mashine ya kuvunia. Badala ya kuvuna, akasugua masuke viganjani, akapuliza: pumba tupu. Akang'oa shina, akalimenya; chini, karibu na mizizi, limeoza na kugeuka rangi ya chai. Akaniuliza mabua ya ngano ya mwaka jana niliyapeleka wapi.

Nikamjibu kifua mbele kwamba yamelala palepale, kama mama alivyotufundisha kuacha majani ya migomba yalishe udongo. Alicheka mpaka akaegemea mashine! Eti ugonjwa unaishi kwenye mabua hayo, na kupanda shayiri juu yake ni kuupikia, maana ngano na shayiri ni ndugu wa tumbo moja. Basi niuzie dawa, nikamwambia, bomba la kunyunyizia ninalo. Akasema shina likishaoza halina dawa. Niondoe mabua, nipande maharage au alizeti misimu miwili, ndipo nirudie nafaka. Maharage! Mimi niliyetangaza baa nzima kwamba watakunywa bia ya shayiri yangu! Gladys naye kadakia kwamba maharage aliyasema tangu mwaka jana, nikamwambia hayo ni mambo ya jikoni. Nimechoka na watu wanaojua mambo.

Sasa, umeniandikia kwamba kahawa imekukatisha tamaa, unataka kumuuza ng'ombe ukodi shamba ubavuni mwangu. Dada, usimuuze. Maziwa yake ndiyo yanayowalisha hapo nyumbani. Mnunuzi akishafika, mwambie una mdogo wako kichaa amekukataza. Kile nilichokiita kipande ni shamba zima, na huko unakotaka kukodi mabua yamelala vilevile.

Msalimie shemeji Ildefonce. Majirani nao wasalimie, ila usiwasomee. Bahati sina, dada. Nimekudanganya: shayiri haikuiva, imekufa.

Mdogo wako,
Wenseslaus