Nilimuuliza Mfongo, Akanijibu Mfongo

Alhamisi. Kiangazi kikali, upepo tangu alfajiri.

Vumbi limerudi mezani kwangu. Nimelipangusa mara mbili kabla ya kufungua daftari hili, na sasa hivi nikipitisha kidole naweza kuandika jina langu. Tangu tumalize barabara sikuwa nimeshika kitambaa kwa ajili ya vumbi. Nilishaanza kusahau ladha yake kwenye chai.

Nina hasira. Naliandika hilo kwanza nisije nikajifanya nina huzuni tu.

Leo wamechimba lami yetu.

Nieleze vizuri, maana wanangu wakilisoma daftari hili siku moja wasidhani mama yao alililia mawe. Barabara yenyewe ni fupi. Inatoka sokoni, inapita mbele ya mlango wangu, inaishia zahanati. Mtu akipiga chafya sokoni, wa zahanati anamwambia afya. Lakini kiangazi ilikuwa vumbi tupu, na masika tope la kuvua watu viatu. Tulipoambiwa kwamba mapipa ya lami yapo na rola ya kuazima ipo, ila hakuna mikono ya kuvunja kokoto, mimi ndiye niliyesimama mkutanoni nikasema mikono tunayo. Mimi ni balozi wa nyumba kumi za hapa, ningekaa kimya vipi? Nikaichukua pembe aliyoniachia marehemu baba, nikaipuliza, nikaita msaragambo.

Kwetu mlimani, Mbaga, pembe ya msaragambo haina mjadala. Ikilia, kila nyumba inatoa mtu kwenda kwenye kazi ya wote. Asiyetoka anafuatwa nyumbani kwake, anachukuliwa kuku au sufuria, mpaka aje mwenyewe kujieleza mbele ya wenzake. Siku hizi kwenye redio wanasema kujitegemea, nami hufurahi kusikia, lakini babu zangu walijitegemea bila redio.

Hapa Same mjini sisi ni mchanganyiko. Jirani yangu Baba Zawadi ni Mha, amekuja kutoka mashamba ya mkonge na mgongo ulioharibika. Pembe ilipolia mara ya kwanza alitoka na rungu, akidhani kuna mwizi. Nikamwambia, weka rungu, ni msaragambo. Akauliza, "Huyo ndiye nani?" Tulicheka mpaka nyundo zikawa nzito. Tangu siku hiyo hakukosa Jumamosi hata moja. Alijiponda kidole gumba kwa nyundo, ukucha ukatoka wote, akakifunga kitambaa akaendelea kuvunja.

Tulivunja kokoto Jumamosi nyingi kuliko nilivyowaahidi. Kuni za kuchemshia lami tulikata wenyewe. Siku ya kuimwaga, moshi ulitutia machozi wote, na wengine hayakuwa ya moshi.

Baada ya hapo niliingiwa na wazimu kidogo, nakiri. Nilizungushia matawi ya miiba mpaka lami ikashika. Ng'ombe wa Wamasai niliwapitisha nyuma ya soko, wenyewe wakanisema kwa Kimasai nami nikawasema kwa Chasu, lugha yetu Wapare, tukaachana salama. Kuna mtu alitaka kuchimba shimo la nguzo ya kibanda chake, pembeni kabisa mwa lami. Nilimwambia akianza na lami yangu, mimi nitamalizia na kibanda chake. Mtaani wakaniita Mama Lami. Nilijifanya sipendi.

Sasa nije kwa Eliudi. 

Eliudi ni mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja. Mama alipofariki alikuwa bado anavaa kaptula ya kufungiwa na mtu. Kuandika nilimfundisha mimi, kwa kijiti, kwenye majivu ya jikoni. Leo ni fundi wa mabomba ya maji, anatembea na ramani zimekunjwa kwenye baiskeli, na kila akipita hapa husimama: shikamoo dada. Nilikuwa naitikia kwa sauti kidogo ili majirani wasikie ni nani huyo aliyeniamkia.

Kabla sijapuliza pembe ya kwanza, nilimwita. Nilishaona huko Moshi barabara mpya ikipasuliwa na watu wa maji kabla haijazoeleka, sikutaka yatupate. Nikampikia ugali na majani ya kunde anayoyapenda, nikamuuliza kwa Chasu, kindugu: upo mfongo wowote utakaoikata barabara hii?

Akasema, "Hakuna mfongo, dada."

Kwetu mlimani mfongo ni mfereji wa maji. Ndio uliotulea. Zamu ya mama ya mfongo ilikuwa usiku wa manane, nasi tulimfuata na vibuyu. Kwa sisi watoto wa kule, maji yanayotembea ni mfongo, yapite kwenye udongo au kwenye chuma. Kwa hiyo nililala vizuri siku ile. Kesho yake nilizunguka nyumba zote kumi nikawaambia: nimewauliza wenye maji wenyewe, hakuna atakayechimba hapa, tokeni.

Wakatoka.

Leo saa mbili asubuhi nilikuwa napepeta mchele nikasikia sululu. Nilitoka na ungo mkononi, kanga imefungwa upande mmoja. Vijana sita wasiotoka mtaa huu, mstari wa chokaa katikati ya lami, na tayari wamebandua kipande cha urefu wa kitanda. Kilikuwa kimekaa pembeni kizima, na kokoto zetu zimeng'ang'ania chini yake.

Nikasimama kwenye mstari wao. Nikawaambia wapige sululu kwenye miguu yangu. Yaani mtu mzima kama mimi! Msimamizi wao alikuwa na adabu, sina neno naye. Alisema, "Mama, sisi tumetumwa, karatasi hii hapa." Akaikunjua.

Nimesoma hadi darasa la nne, na jioni nafundisha kisomo cha watu wazima. Kusoma najua. Ramani ilionyesha bomba kutoka tangi la maji hadi zahanati, limepita katikati ya barabara yetu. Tarehe yake ilikuwa ya kabla ya Pasaka. Pembe yangu ya kwanza nilipuliza baada ya Pasaka. Na mwandiko haukuhitaji kuuliza. Herufi g ina mkia mrefu unaopinda kurudi nyuma. Huo mkia niliuchora mimi kwenye majivu.

Watu walishajaa. Eliudi akafika na baiskeli, jasho linamtoka.

"Shikamoo dada."

Sikuitikia.

Tangu azaliwe sijawahi kumnyima marahaba. Hata alipovunja chungu cha mama, hata mwaka alioondoka bila kuaga. Leo nilimnyima, na watu wote waliona. Nikamwambia, "Uliniambia hakuna mfongo."

Akasema mbele ya watu, macho chini, "Dada, mfongo hakuna kweli. Hili ni bomba."

Mwe! Kuna aliyecheka, sijui nani. Ningekuwa na nguvu ningemvika ule ungo kichwani.

Halafu akasogea, akanong'ona kwa Chasu. Mabomba yalikuwa hayajafika. Kulikuwa na mgeni mkubwa wa kupokewa, na wakubwa wake walitaka lami imalizike kwanza. Yeye aliambiwa afunge mdomo. "Ningekwambia, dada, ungepuliza pembe?"

Nisieleweke vibaya. Maji siyakatai, nani wa Same atakataa maji? Pale zahanati wanawake wanajifungua kwa ndoo ya kubebwa kichwani, na mmoja wao alikuwa binti yangu. Lakini angesema neno moja tu! Tungezika bomba pana la saruji, tupu, chini kabla ya kokoto, kazi ya siku mbili. Siku maji yakija wangepitisha la kwao humo bila kugusa lami. Hata vijana wale sita walikubali kwamba ingewezekana. Tulikuwa na mikono yote ile, na Jumamosi zote zile, na hatukuambiwa.

Mchana akanimaliza Baba Zawadi. Hakufoka. Alisimama kwenye ukingo wa mtaro, akakitazama kidole chake ambacho ukucha umeota kipande, akasema, "Balozi, pembe yako imenidanganya." Kisha akaenda zake kwake akafunga mlango.

Eliudi alinidanganya mimi. Mimi nikawadanganya nyumba kumi, kwa pembe ya baba yangu.

Jioni hii ukaja ujumbe kutoka kwa wakubwa wa Eliudi: Jumamosi niwaite watu msaragambo, tuje tufukie mtaro na kuvunja kokoto za kuziba. Lami ya kumwagia juu itatafutwa. Wamesema "itatafutwa", na mimi najua maana yake.

Nilitaka nimalizie hapa, nifunge daftari, nibaki nimeonewa. Lakini hakuna anayenisoma zaidi ya mimi, sasa namdanganya nani?

Siku ile ya ugali, nilipomuuliza Eliudi, aliacha kutafuna. Tonge lilikuwa shavuni. Alitazama sahani muda wa kutosha mtu kuhesabu mpaka tano, ndipo akasema hakuna mfongo. Mimi nimemlea. Najua anavyonyamaza akiwa ameshiba, na anavyonyamaza akiwa ameficha kitu. Niliona.

Nikamwongezea mboga.

Tena neno bomba nalijua. Nalisema kila siku ninapotuma mtoto kuchota. Ningeweza kumuuliza, na bomba je? Maneno mawili tu. Sikuuliza kwa sababu nilishajiona nimesimama kwenye lami, na watu wakisema hii ni kazi ya Mama fulani. Niliitaka barabara ile kuliko nilivyoutaka ukweli. Kosa lake nalijua na simsamehe leo. Langu nalo nimeliandika.

Amepita tena sasa hivi, anatembea kwa miguu akisukuma baiskeli kwa sababu ya mtaro. Amesimama chini ya dirisha. "Shikamoo dada." Nimeona kivuli chake kwenye karatasi hii. Nimeendelea kuandika mpaka kikaondoka.

Sasa nimeamua. Mlimani, aliyekwepa msaragambo anafuatwa kwake. Eliudi alikuja Jumamosi zote, alibeba mawe kuliko wengi, lakini kitu kimoja alichotakiwa kuja nacho alikiacha nyumbani. Kesho nitakwenda kwake nichukue baiskeli. Mke wake atashangaa, na ashangae. Atakuja kuifuata Jumamosi, mbele ya watu wote, na alipe kwa kusema kwa Kiswahili, hata Baba Zawadi aelewe: nilijua kuna bomba. Akisema hivyo, marahaba yake ataipata, nami nitaitikia mpaka sokoni wasikie.

Lakini hatasema yeye kwanza. Kwanza nitasimama mimi ndani ya ule mtaro, niwaambie kuhusu tonge na mboga.

Watu nitawaita mlango kwa mlango, na pembe nitaipuliza tu baada ya kusema, wakiwa wameshasikia yote na mtaro wanauona. Wakati wanageuka kwenda zao, ndipo nitaipuliza. Atakayerudi kuchukua nyundo, huyo ndiye wangu. Nikibaki peke yangu na kokoto, nitavunja peke yangu, na nitajua kwamba nyumba kumi sina tena, nina pembe tu.

Namwogopa Baba Zawadi kuliko wote.