Sekondari Aliongoza, Chuoni Wanataka Kumrudisha Nyumbani

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, ingawa mimi kwa kawaida ni mtoaji wa ushauri na si mwombaji, uliza mtaa mzima. Ni fundi cherehani, darasani niliishia la sita lakini mikono yangu ina digrii, niliwahi kumwona mtu akikimbilia basi nikamkatia suruali kwa kipimo cha macho tu, na aliporudi jioni ikamkaa utadhani kazaliwa nayo. Sasa nina mpwa wangu, binti wa dada yangu, wanamwita Kichwa, sekondari miaka yote hakuna aliyemtangulia, na nani alimfikisha hapo kama si mimi, maana kila jioni alikuja kibandani, akasimama kando ya cherehani, akakariri daftari lake huku mimi nafuata kwa kidole, akiruka neno moja namwambia rudi mwanzo, na alirudi, mshauri, hata alama za mikato alizikariri.

Basi kaenda chuo, muhula wa kwanza kaanguka masomo matatu, na barua imekuja inasema asipofaulu mtihani wa marudio baada ya wiki tatu wanamwondoa, na dada yangu hajui mpaka leo kwa sababu mimi ndiye niliyeipokea nikaificha chini ya vitambaa. Nikampigia simu.

"Kichwa, nini hiki?"

"Mjomba, huku hawaulizi vile."

"Wanauliza vipi?"

"Mwalimu anasoma kisa, halafu anasema, nyie mnaonaje? Mimi sioni kitu."

"Vaa miwani basi!"

Hakucheka. Nikaongeza bidii, sasa kila jioni ananitumia picha za kurasa, anakariri mara mbili badala ya moja, kasuku mwenyewe akasome kwake, lakini jaribio la juzi kapata kumi na tisa kwa mia. Wako wanaosema ni wavulana, wengine wanasema kijicho cha majirani, mimi nasema walimu wa huko wavivu. Na jambo moja nakuandikia wewe tu, yale aliyokuwa akikariri miaka yote ile mimi sikuyaelewa hata robo, nilikuwa nafuata herufi. Nifanye nini?

Mjomba wa Kichwa


Mjomba wa Kichwa,

Suruali yako nimeiamini nusu. Tuanze na hiyo nusu.

Ulipomkatia yule mkimbiaji, hukufumua suruali kuukuu ukaifuatisha. Uliutazama mwili. Fundi wa kufuatisha akiletewa mteja mwenye bega moja juu, kazi imemshinda, kwa kuwa bega hilo halimo kwenye nguo ya zamani. Wewe huo ufundi unaudharau, lakini ndio uliomfundisha mpwa wako. Sekondari ufundi huo ulitosha, swali lilikuja na nguo ileile. Chuoni kila swali lina bega lake.

Wavulana na majirani usiwasingizie. Walimu pia waache. Huko wako mia tatu ukumbini, karibu kila mmoja aliongoza kwao, na hakuna anayeuliza nani hayupo. Mtoto aliyezoea kidole cha mjomba lazima atapepesuka, na wewe badala ya kukiondoa umeongeza cha pili.

Hata hivyo ulikaa naye kila jioni. Wenye digrii za karatasi wangapi wamefanya hivyo? Hilo sikunyimi.

Sasa, barua itoe leo chini ya vitambaa umpe dada yako. Mtoto ni wake, na aibu unayoificha ni yako. Kisha mwambie Kichwa kesho aende ofisini kwa yule mwalimu na karatasi aliyoangukia, aulize kosa liko wapi, na atafute wenzake wawili wa kubishana nao. Jioni picha za kurasa asitume. Afunge daftari, akueleze somo kama wewe unavyomweleza mteja asiyejua pindo ni nini. Usipoelewa, mkatize: "Sijaelewa." Akikosa la kusema, hapo ndipo pa kusoma.

Neno hilo, "sijaelewa", hujawahi kulitamka mbele yake, ndiyo maana naye hathubutu kulitamka mbele ya mwalimu. Lijaribu sasa hivi, hapo kwenye cherehani, kabla hujashika simu.