Jina la Mchimbaji wa Shinkolobwe

Bruxelles, Jumanne tarehe 4 Machi

Nkambo, bibi yangu mpendwa,

Leo nitakuambia yote bila kuficha, hata yale ambayo papa hataki uyasikie. Kwanza, u hali gani? Magoti bado yanakusumbua? Umeme umerudi huko Likasi? Sisi huku Etterbeek tu wazima, ila papa na mimi hatusemezani vizuri tangu Jumapili.

Mambo yalianzia shuleni. Madame wetu wa historia alitufundisha jinsi bomu la kwanza la atomiki lilivyotengenezwa. Kitabuni mna picha za wataalamu, na chini ya kila mmoja jina lake. Kuhusu mawe ya urani yaliyotiwa ndani yake kinasema tu kwamba yalitoka Kongo, kana kwamba yalijichimba yakatembea hadi melini. Nikainua mkono, nikasema yalichimbwa katika mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, na baba mkwe wako, babu yake papa, alikuwa mmoja wa wachimbaji.

Gloria, ambaye wazazi wake ni wa Bukavu, alininong'oneza kutoka nyuma, "Alors, ni nyinyi mulipiga Wajapani? Na unajisifu?"

Madame hakusikia. Alifurahi, akasema picha ya mzee tuliyo nayo nyumbani, ile ambayo amevaa kofia ya kazi, itundikwe kwenye maonyesho yetu baada ya Pasaka, mbele ya wazazi wote. Ila chini yake liwepo jina.

Papa anajua la kazini tu: Samedi, kwa kuwa aliandikishwa siku ya Jumamosi.

"Andika ile, inatosha," akaniambia.

"Ile ni jina ya siku, papa. Haiko jina ya muntu."

"Bon, acha basi. Watakuita mutoto wa bombe mpaka umalize masomo."

Ndiyo maana Jumapili nilikupigia simu. Nilipokuuliza jina lake, ulinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Papa alininyang'anya simu, akakuomba radhi. Baadaye akanieleza kwamba kwetu mkamwana hamtaji baba mkwe wake kwa jina, hata akishazikwa. Wewe hujamtaja maisha yako yote, na waliokuwa wakimtaja wote wamefariki. Sikujua, Nkambo. Nisamehe.

Lakini siwezi kuacha. Atatundikwa kama Samedi, au hatatundikwa kabisa, na baada yako hatabaki anayelijua jina lake.

Barua hii anakuletea tonton Fidèle, rafiki wa papa, naye atarudi kabla ya Pasaka. Papa anadhani nakuandikia habari za mitihani. Hizo ni nzuri, usiwe na wasiwasi.

Nisalimie tantine anayekupikia, na mumewe, na jirani yako katekista. Waambie binamu zangu nimewakumbuka.

Siombi ulitamke. Masista walikufundisha kuandika, na mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu. Nijibu kwa mkono wa tonton: mkamwana akiliandika jina la baba mkwe wake kwenye karatasi, huko nako ni kumtaja?

Mjukuu wako akupendaye,
Exaucée